Tamko Adimu na Neno Lake: Maoni Kuhusu Ufundishaji wa Kanji

Katika baadhi ya madarasa ya Kijapani kuna swali ambalo halikosi kuibuka katika majaribio ya kila muhula: "Orodhesha matamko yote ya kanji ifuatayo." Mwanafunzi huwekewa alama moja pweke katikati ya ukurasa mweupe, naye hutakiwa kuikamua hadi itoe kila sauti iliyowahi kunasibishwa nayo. Nashikilia kwamba swali hilo halipimi ujuzi wa Kijapani hata chembe. Zaidi ya hayo, ndilo linalowafanya wanagenzi wengi wayachukie matamko adimu ambayo, yakifunzwa inavyostahiki, ni miongoni mwa mambo yenye ladha zaidi katika lugha hiyo.

Huenda msomaji wa jarida la Kiswahili akauliza: ya Wajapani yatuhusu nini? Baadhi yetu twachukua Kijapani sambamba na Kiswahili, na Wajapani nao, pale Chuo Kikuu cha Osaka, husomea Kiswahili hadi shahada. Isitoshe, mwanafunzi wa Kiswahili huingia katika darasa la kanji akiwa na mtaji ambao aghalabu haambiwi kwamba anao. Nitaurejelea mtaji huo punde.

Kwanza tuweke msingi. Kanji zilitoka China, ilhali Kijapani hakina nasaba na Kichina. Wajapani walipozipokea, walifanya mambo mawili. Walichukua sauti ya Kichina jinsi masikio yao yalivyoisikia, na hiyo ndiyo huitwa onyomi. Papo hapo waliipachika alama ile ile neno lao la asili lenye maana iyo hiyo, na hiyo ndiyo kunyomi. Ni kana kwamba sisi tungekuwa na alama moja ya moyo, tukaisoma "moyo" katika mazungumzo ya kila siku na "kalbi" katika utenzi. Hapo hapana ugumu mkubwa. Ugumu huja alama moja inapobeba mizigo mingi kwa pamoja.

Chukua mathalani kanji hii: 生. Mtoto wa Kijapani hufunzwa kanji hiyo akiwa katika mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba ni ya wasomi. Maana zake huzunguka uhai, kuzaliwa, kuota na ubichi. Orodha rasmi ya serikali iitwayo Jōyō Kanji, ambayo tangu mwaka 2010 ina kanji 2136, huipa 生 matamko 12. Mawili ni ya onyomi: sei na shō. Kumi ni ya kunyomi: ikiru, ikasu, ikeru, umareru, umu, ou, haeru, hayasu, ki na nama. Mwanagenzi akitandaziwa mkururo huo ubaoni, huduwaa, na ana haki ya kuduwaa.

Hebu sasa tuutazame kwa jicho la mtu aliyesomeshwa unyambuaji wa vitenzi. Umu ni kuzaa. Umareru ni kuzaliwa. Haeru ni kuota, kama yaotavyo majani au ndevu. Hayasu ni kuotesha, na mwanamume afugaye ndevu husemwa kwa kitenzi hicho hicho. Ikiru ni kuishi. Ikasu ni kukipa kitu uhai au kukitumia ipasavyo. Ikeru ni kuyapanga maua chomboni yaendelee kuonekana hai. Matamko saba yamekwisha kuwa mizizi mitatu yenye minyambuliko yake, sawa na zaa na zaliwa, au ota na otesha. Yule aliyeyakariri kama vitu saba visivyojuana amejibebesha mzigo usio wake. Tena kanji hiyo haiandikwi peke yake katika vitenzi hivyo. Hufuatwa na silabi za hiragana ambazo humdokezea msomaji ni kitenzi kipi kinachokusudiwa. Huo ndio mtaji nilioutaja. Hakuna mwalimu wa Kiswahili ambaye angemwandikia mgeni "pika, pikia, pikisha, pikwa, pikiana" kama maneno matano yasiyo na udugu.

Yabakiayo ni ou, ki na nama. Nama ni jambo la kila siku: yai bichi, bia ya pipa na hata matangazo mbashara huanza kwa nama. Hayo mengine mawili ndiyo hasa matamko adimu. Ou hukutana nayo katika oitachi, yaani historia ya makuzi ya mtu, na katika maneno machache ya kustawi kwa mimea. Ki yumo katika kiji, yaani kitambaa ambacho hakijashonwa au unga uliokandwa, na katika kissui, sifa ya mtu aliye halisi, asiye na mchanganyiko. Anayelijua neno kiji analijua kwa sababu aliwahi kuingia katika duka la vitambaa, au alisoma habari za mwokaji mikate. Anayeijua "ki" tupu, asijue inakaa wapi, hajui kitu.

Kwa upande wa onyomi, utajiri ni wa namna nyingine. Sauti za Kichina hazikuingia Japani kwa mkupuo mmoja. Zile za awali, ziitwazo go-on, zilifika takriban karne ya 5 na ya 6, nyingi zikipitia Korea, na dini ya Kibudha ikazikumbatia. Zilizofuata, kan-on, zililetwa kati ya karne ya 7 na ya 9 na wajumbe na wanafunzi waliotoka Chang'an, mji mkuu wa nasaba ya Tang. Mwishoni mwa karne ya 8 wakuu wa dola waliamuru wasomi wafuate sauti hizo mpya, lakini mahekalu hayakuziacha za zamani. Baadaye watawa wa Zen na wafanyabiashara wakaja na za tatu, tō-on. Ndiyo sababu kanji 行, yenye maana ya kwenda, husomwa gyō katika shugyō, mazoezi ya mtawa. Kō katika ryokō, safari. Na an katika andon, taa ya kale ya karatasi. Shō ya 生 nayo ni go-on, na ukiitega sikio utasikia harufu ya ubani: ōjō ni kufa na kuzaliwa upya peponi, shujō ni viumbe vyote vyenye uhai. Sei ni ya darasani: sensei, gakusei. Sisi tunaosema "shule" tuliyoipata kwa Wajerumani, na ndugu zetu wa Zanzibar wanaosema "skuli" waliyoipata kwa Waingereza, hatuna haja ya kufafanuliwa sana jinsi kitu kimoja kinavyoweza kuingia nyumbani kwa milango miwili na kila mlango ukakiachia alama yake.

Wapo watakaonijibu kwamba orodha humwandaa mwanafunzi atambue neno asilolijua. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, lakini tuijaribu kwa mfano. Kanji za 生物 husomwa seibutsu zikiwa na maana ya viumbe hai, au somo la bayolojia. Zizo hizo husomwa namamono zikiwa na maana ya vyakula vibichi. Aliyekariri matamko yote 12 ataitazama karatasi iliyobandikwa kwenye kifurushi cha samaki asijue achague lipi, kwa kuwa chaguo halimo katika kanji. Limo katika kifurushi. Wanaoandaa mtihani wa kimataifa wa umilisi wa Kijapani wanalielewa jambo hili. Katika sehemu ya matamshi, mtahiniwa hupewa sentensi kamili yenye neno lililopigiwa mstari, aseme husomwaje. Haulizwi alama uchi.

Kundi la pili ni la wale wasemao kwamba matamko adimu ni upuuzi mtupu, simu itatusomea. Simu humsaidia aliye na maandishi mbele yake na nafasi ya kutua. Haimsaidii asikilizaye mhadhara, wala aliyetakiwa kusoma kwa sauti mbele ya hadhira. Hawa siwajibu kwa kirefu.

Pendekezo langu halihitaji fedha wala kamati. Tamko linaloishi katika maneno mengi ya kawaida, kama sei, lifunzwe mapema pamoja na maneno hayo. Lile linaloishi katika maneno mawili matatu lisubiri hadi mwanafunzi akutane na mojawapo ya maneno hayo katika matini, kisha aliandike daftarini likiwa ndani ya sentensi yake. Na lile lililomo katika neno moja tu lisitenganishwe na neno hilo kamwe. Serikali ya Japani yenyewe imekwisha kutuonyesha njia. Katika orodha ya Jōyō, matamko yenye matumizi finyu husogezwa ndani kwa nafasi ya herufi moja, ili jicho liyatofautishe na mengine. Mwishoni mwa orodha hiyo kuna jedwali la nyongeza lenye maneno 116 ambayo husomwa mazimamazima. Humo yumo shibafu, uwanja wa nyasi, ambalo kanji yake ya pili ni 生 yetu. Kuisaili 生 hapo itoe "fu" yake ni kulichana neno bila faida. Waandishi wa vitabu vingi vya kiada huyachanganya makundi haya yote katika mstari mmoja, kwa wino mmoja, na sioni kwa nini.

Na majina je? Hapa hata wenyeji huinua mikono. 生 hiyo hiyo imo katika Ikoma ulioko Nara, Kiryū ulioko Gunma, Fussa ulioko Tokyo na Mibu ya Kyoto, na kila mahali husikika kivyake. Mtelezaji wa barafu Hanyū Yuzuru, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2014 na mwaka 2018, na bingwa wa shogi Habu Yoshiharu, aliyeyashika mataji yote saba ya mchezo huo mwaka 1996, huandika jina la ukoo kwa kanji zile zile mbili, 羽生. Hakuna kanuni ya kuwatofautisha. Wajulikana kwa kujulikana. Kwa sababu hiyo fomu za Kijapani huwa na mstari wa ziada ambapo mtu huandika kwa kana jinsi jina lake linavyosomwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi daftari rasmi la familia lilirekodi kanji peke yake bila tamko. Ni tarehe 26 Mei 2025 tu ndipo sheria iliyorekebishwa mwaka 2023 ilipoanza kutekelezwa, ikitaka matamko ya majina yaandikwe humo. Manispaa zikaanza kuwapelekea raia barua za kuthibitisha: je, jina lako twalisoma hivi? Ikiwa dola iliyozitumia kanji kwa zaidi ya miaka elfu moja huwauliza wenye majina, mhadhiri aweza kumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa pili aulize pia, na swali lile la kuorodhesha akaliondoa kwenye karatasi ya muhula ujao.