MAONI: Kasri la Desemba ushago si dalili ya kuomoka, vijana tujenge nyumba za kukaliwa

Ukitoka mjini Kisii kuelekea Keroka, au ukishika njia ya Nyamira kwenda Kebirigo, huwezi kukosa kuyaona. Katikati ya migomba na majani chai kunachomoza jumba la ghorofa, paa la rangi, nguzo nne nene mlangoni, roshani juu na geti jeusi refu kuliko mahindi ya jirani. Madirisha yote yamefungwa. Mwenyewe yuko Nairobi, Qatar au Minnesota. Anayelala pale kila siku ni mlinzi, tena kwenye kibanda cha mabati kando ya geti.

Mwezi wa kumi na mbili geti hufunguliwa. Gari linaingia limebeba magodoro, mtungi wa gesi na sufuria. Nyama inachomwa, muziki unapigwa, picha zinapigwa kwenye ngazi na kupostiwa. Kufikia wiki ya kwanza ya Januari, magodoro yamerudi juu ya gari na geti limefungwa tena.

Kijana wa Kisii au Nyamira anayeanza kazi leo anaambiwa kwamba huo ndio mtihani wa mwanamume. Hujajenga? Basi hujaanza maisha. Mimi naona mtihani huu umewekwa vibaya, na unatugharimu vijana kuliko tunavyokubali.

Nimeyaita majumba haya makasri, na sio kwa mzaha. Wafalme wa Ufaransa walijenga namna hii hii, na historia yao inatusema vizuri sana.

Mwaka 1519 Mfalme François I alianza kujenga kasri la Chambord, katika bonde la mto Loire. Lina vyumba zaidi ya 400 na mahali pa kuwashia moto 282. Katikati kuna ngazi mbili zinazozungukana kama nyuzi za kamba, kiasi kwamba anayepanda na anayeshuka wanaweza kuonana kupitia vidirisha bila kukutana. Hadi leo wasanifu wa majengo wanasafiri kwenda kuitazama ngazi hiyo.

Sasa sikia. François alitawala miaka 32, na ukijumlisha siku alizolala Chambord utapata wiki chache tu. Kasri halikuwa na samani. Mfalme alipotaka kwenda kuwinda, vitanda, mapazia na vyombo vilitangulia kwa misafara, na alipoondoka vilipakiwa vikaondoka naye. Hakukuwa na kijiji karibu cha kuwalisha wageni, kwa hivyo chakula kingi kilitoka mbali. Vyumba vilikuwa vikubwa hata moto haukutosha kuvipasha joto. Alipofariki mwaka 1547, kazi ilikuwa bado haijakamilika.

Msafara wa vitanda kuja na kurudi. Si tunaujua? Tofauti ni kwamba wetu unapitia Narok na Bomet.

Kuna jambo jingine kuhusu Chambord ambalo ni zito zaidi. Mwaka 1525 François alishindwa vita kule Pavia, Italia, akatekwa na kupelekwa Uhispania. Mwaka 1526 aliachiliwa kwa sharti kwamba wanawe wawili wadogo wachukue nafasi yake kama mateka. Watoto hao walikaa huko hadi 1530, fidia ilipolipwa. Na ujenzi wa Chambord uliokuwa umesimama wakati wa vita? Ulianza tena mwaka uleule wa 1526.

Usimcheke haraka. Kuna watu wazima katika kaunti zetu mbili ambao fundi wao hakosi kwenye mjengo hata Jumamosi moja, ilhali mtoto yuko nyumbani kwa sababu ya karo. Kuna kijana ambaye mkopo wa chama uliokuwa wa kufungua duka uliishia kwenye nguzo na vigae. Deni linalipwa mjini, katika chumba kimoja cha kupanga chenye choo cha kushiriki, ili nyumba ya vyumba vitano ikae tupu kilomita 300 kutoka hapo.

Unaweza kusema wafalme walikuwa wapumbavu. La, hawakuwa. Versailles inatuonyesha walijua wanachofanya. Ilianza mwaka 1623 kama nyumba ndogo ya uwindaji ya Louis XIII. Mwanawe, Louis XIV, akaipanua, na mwaka 1682 akahamishia huko mahakama yake na serikali. Ukumbi wake maarufu una vioo 357, wakati ambapo kioo kikubwa kilikuwa mali ya anasa. Lengo lilikuwa watu waone. Mabwana wakubwa wa Ufaransa walilazimika kuishi pale wakimtazama mfalme akiamka na kulala, na kila mmoja akitafuta asogezwe karibu. Nyumba ile ilikuwa chombo cha kutawala.

Lakini chombo hicho kilikuwa na bei, na aliyelipa si aliyekaa ndani. Oktoba 1789 wanawake wa Paris waliochoshwa na uhaba wa mkate walitembea hadi Versailles, na kesho yake familia ya kifalme ikarudishwa Paris. Haikurudi kuishi Versailles tena.

Sasa swali langu kwa kijana wa Mosocho, Nyamache au Ekerenyo: wewe unamtawala nani? Jumba lako linamtisha nani? Jirani anayepita na jembe akienda kuchuma chai? Binamu yako ambaye bado anakaa kwenye nyumba ya udongo? Mfalme alijenga ili mabwana wamwogope. Sisi tunajenga ili watu tuliosoma nao darasa la nne watuheshimu wiki moja kwa mwaka.

Isitoshe, hii si mila yetu, ingawa tunaambiwa kila siku kwamba ni mila. Abagusii hawakuwa ufalme. Walikuwa na koo, wazee wa kuamua kesi, na hasa Kitutu walikuwa na viongozi walioitwa abagambi, lakini hakuna aliyejengewa ikulu ya mawe huku wengine wakibeba mawe. Nguvu ya boma ilionekana kwa watu na mifugo. Vijana wa kiume waliishi kwenye ebisarate, kambi zenye uzio walikolinda ng'ombe dhidi ya wavamizi, hadi Waingereza walipozipiga marufuku miaka ya mwanzo ya 1910. Kijana ambaye hajaoa alikuwa na esaiga, kibanda chake cha kulala. Akioa, nyumba ya mke ilijengwa. Nyumba ilifuata maisha. Ilikuja mtu alipokuja, na ilikua jamaa walipoongezeka.

Hebu tuangalie pia chinsoni, zile kanuni za heshima kati ya wazazi na watoto ambazo bado zina nguvu hata kwa wanaojiita wa kisasa. Kwa desturi, baba haingii ovyo katika nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse kulala humo. Fikiria maana yake. Kijana anajenga jumba la mamilioni hatua 30 kutoka kwa nyumba ya babake. Mvua inavuja kwa mzee. Choo cha mzee kiko nje, gizani, na magoti yake yameanza kuuma. Vyumba vitano viko pale pale, vikavu, vina umeme, na mzee hawezi kuvitumia. Anachopata ni kazi ya kushika funguo.

Tukija kwa ardhi, hesabu ni ngumu zaidi. Sensa ya 2019 ilipata watu 957 kwa kila kilomita mraba Kisii, na 675 Nyamira. Hizi ni kaunti za mashambani zenye msongamano unaokaribia wa mji. Mzee mwenye ekari moja na wavulana wanne anampa kila mmoja robo ekari. Kwenye robo hiyo ukiweka jumba, maegesho ya magari mawili, ua wa kabro na ukuta, unabaki na nini? Sukuma wiki mistari miwili kando ya choo. Udongo wetu ni mzuri na mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Ni ardhi inayoweza kukupa chai, ndizi na parachichi, nasi tunaifunika kwa saruji ili tulale juu yake siku saba.

Najua kuna majibu, na mengine ni ya haki.

La kwanza ni usalama. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Wakisii wengi waliokuwa wakiishi Bonde la Ufa walifukuzwa na kurudi nyumbani mikono mitupu. Aliyekuwa na pa kufikia alishukuru Mungu. Aliyekosa alikaa kwenye nyumba za jamaa hadi akachokwa. Hofu hiyo ni ya kweli, na sitamwambia mtu yeyote asiwe na nyumba nyumbani. Ila usiku ule uliohitaji pa kufikia, ulihitaji paa, mlango na maji. Nyumba ya vyumba viwili ingekupokea vilevile.

La pili ni mazishi. Mwanamume kuzikwa mahali ambapo hana nyumba ni aibu kwa familia, na si ajabu kusikia watu wakiharakisha kusimamisha kibanda kabla ya maiti kufika. Sawa. Hata hapo, desturi inadai nyumba. Haijawahi kudai ghorofa.

La tatu ni ajira. Mjengo unalisha fundi, mchoma matofali, mwenye lori na mama anayepika chakula cha mafundi. Ni kweli. Lakini pesa hiyo huingia mara moja. Fundi yuleyule angeweza kujenga vyumba vya kupangisha Suneka au karibu na Chuo Kikuu cha Kisii, na vyumba hivyo vingekuwa vinakulipa wewe, na kumwita yeye kwa ukarabati, miaka na miaka.

Na ukarabati ndio gharama ambayo hakuna anayeihesabu siku ya kuweka msingi. Nyumba isiyokaliwa huzeeka haraka. Mvua yetu inatafuta ufa, mchwa wanatafuta mbao, rangi inababuka, na mlinzi lazima alipwe hata mwezi ambao wewe hujalipwa. Hata wafalme wa karibu nasi wametuachia funzo. Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib, Zanzibar, mwaka 1883, jumba la fahari kuliko yote mjini. Desemba 25, 2020, sehemu yake ilibomoka kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wakafa. Ikiwa jengo linalotambuliwa na dunia nzima linaweza kuelemea serikali, jumba lako la Bobasi litatunzwa na nani ukishastaafu na pensheni yako?

Makasri ya Ufaransa yalipona kwa sababu yalipata watu wa kuyatumia. Louvre, iliyoanza kama ngome na baadaye ikawa makao ya wafalme, ilifunguliwa kwa umma kama makumbusho mwaka 1793. Versailles ikafuata mwaka 1837. Leo watalii wanalipa kiingilio. Samahani, lakini hakuna mtalii atakayekata tiketi kuona sebule yako ya ushago.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla hujachora ramani, kaa chini na wazazi uwaulize wanahitaji nini. Utashangaa. Mara nyingi jibu ni tangi la maji, choo cha ndani, na nyumba isiyo na ngazi. Tengeneza hiyo kwanza. Heshima ya kijana kwa mzee iko hapo.

Pili, jenga kidogo na ujenge kwa hatua. Vyumba viwili vizuri, msingi unaoweza kupokea viwili vingine siku ukirudi kuishi. Kama ardhi ni finyu na ni lazima uwe na nafasi, ghorofa nyembamba inakula shamba kidogo kuliko jumba lililotandazwa. Hapo ghorofa ina sababu.

Tatu, waliokwisha kujenga, fungueni hayo mageti. Walimu na wauguzi wanaohamishiwa vijijini wanatafuta pa kupanga. Chumba kinachokaliwa hakivunji ndoa ya mtu wala hakipunguzi heshima yako. Kinalipa mlinzi.

Nne, wazee wetu nao watusaidie. Acheni kumuuliza kijana wa miaka 25 kwenye matanga, mbele ya watu, amejenga lini. Muulizeni anafanya nini, anaweka akiba wapi, na mtoto wake anasoma wapi. Swali mnalouliza ndilo linaloamua atakopa kwa ajili gani.

Nawe kijana mwenzangu, Desemba ikifika na ukasikia wivu ukipita mbele ya geti la mtu, angalia kwanza kama kuna nguo kwenye kamba ya kuanikia. Nyumba yenye nguo za watoto uani ndiyo ya kuonea wivu. Hiyo nyingine ni Chambord, na hata mwenyewe hana usingizi wa kutosha ndani yake.