Kambi ya watoto isiishie kwenye picha ya pamoja

UKITAJA kambi mbele ya shabiki wa soka, mawazo yake yanakwenda Avic Town, Kigamboni, wanakojichimbia Yanga, au Ismailia, Misri, walikokwenda Simba mwaka 2022 na tena 2024. Kambi ni ya wakubwa. Mtoto wa miaka 10 wa Nyaishozi, wilayani Karagwe, shule zikifungwa Juni anachuma kahawa na wazazi, na jioni anapiga mpira wa majani ya mgomba mpaka giza linaingia.

Siyo kwamba watoto wa huku hawakumbukwi. Wanakumbukwa siku mbili. Linakuja gari, wanachujwa wenye vipaji, zinagawiwa fulana, inapigwa picha ya pamoja, gari linaondoka. Mwaka unaofuata linakwenda wilaya nyingine au haliendi kokote. Dogo aliyeambiwa ana mguu mzuri anabaki na fulana.

Huko Marekani, kando ya Ziwa Sebago jimboni Maine, ipo kambi ya likizo ya wasichana inayoitwa Wohelo. Ilianzishwa mwaka 1907 na mtu na mkewe, Luther na Charlotte Gulick, na zaidi ya miaka 100 baadaye bado iko mikononi mwa familia hiyohiyo. Jina lake limeungwa kutokana na maneno matatu ya Kiingereza yenye maana ya kazi, afya na upendo. Watu wa michezo wanapaswa kumjua Gulick: ndiye bosi aliyempa mwalimu James Naismith siku 14 abuni mchezo wa kuchezwa ndani wakati wa baridi, na Desemba 1891 ukazaliwa mpira wa kikapu.

Kambi za namna hiyo wazazi hulipa fedha nyingi, na hakuna mtu wa Karagwe atakayezilipa. Hilo liachwe. Kinachofaa kuigwa hakihitaji dola: mahali ni palepale, wenyewe ni walewale. Mtoto aliyefundishwa kuogelea mwaka huu anarudi mwakani, na akikua anarudi kuwafundisha wengine. Hakuna anayemchuja.

Kwetu mchujo ndiyo kila kitu. UMITASHUMTA ni mashindano mazuri na yamewatoa wengi, lakini safari yake inaanzia shuleni, inapita kata, wilaya na mkoa, na kila ngazi inaacha watoto nyuma. Aliyekatwa ngazi ya kata akiwa darasa la tano, nani anamfundisha kupokea pasi likizo ya Desemba? Huenda akikua angekuwa bora kuliko aliyechaguliwa kwa sababu alirefuka mapema. Wasichana ndio kabisa, maana likizo kwao ni kuni, maji na wadogo zao.

Karagwe ina maziwa yake, Burigi na Rwakajunju, na mtu anaweza kuona ufukwe na kufikiria kambi hapohapo. Taratibu. Burigi ina viboko na mamba, na sehemu yake iko ndani ya hifadhi ya taifa. Kuogelea kufundishwe, tena ni muhimu kwa mkoa uliopakana na Ziwa Victoria, ila pawe na mwalimu anayejua na mahali palipokaguliwa. Mpira wenyewe unataka kiwanja cha shule tu.

Tena si lazima kuanza na kambi ya kulala. Mtoto anaweza kuja asubuhi, akala ndizi na maharage mchana, akarudi kwao saa kumi. Mwalimu mstaafu mwenye shamba jirani na shule, au mchezaji wa zamani aliyerudi nyumbani na mkewe, wanaweza kuishika kazi hiyo wiki mbili kila likizo. Chama cha soka cha wilaya kiwape mipira na mafunzo ya ukocha wa watoto, halmashauri iwaruhusu kutumia kiwanja na iwakague wanaokaa na watoto, kwa sababu si kila anayejitolea ana nia njema. Klabu kama Kagera Sugar, iliyomo mkoani humuhumu, inaweza kutuma kocha wa vijana siku moja.

Wachezaji wa Simba na Yanga wakienda mapumziko ya Desemba, hao watoto nao watakuwa nyumbani. Kiwanja kipo na nyasi zinakatika kwa panga. Haijapatikana familia ya kushika ufunguo wa stoo ya mipira.