Jemadari Asiyejiombea Cheo

Wazee husema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Yafaa tuikumbuke methali hiyo kila cheo kinapokuwa wazi, kwani hapo ndipo mioyo ya watu hujulikana.

Mwishoni mwa mwaka 1943 palikuwa na cheo kikubwa mno: kuyaongoza majeshi ya Marekani, Uingereza na wenzao yavuke bahari kwenda kuikomboa Ufaransa. Katika mkutano wa Tehran, Stalin wa Urusi alimwuliza Rais Roosevelt ni nani atakayekuwa jemadari, kwa maana aliona kuwa shauri lisilo na mwenyewe halitimizwi.

Wengi walimtazamia Jenerali George Marshall, Mkuu wa Jeshi la Marekani. Ndiye aliyelikuza jeshi hilo tangu 1939, lilipokuwa dogo. Roosevelt naye alitaka kumpa heshima hiyo, akijua kwamba watu hukumbuka majina ya majemadari wa uwanjani, bali aliyekaa ofisini husahauliwa. Lakini wakuu wengine wa majeshi walimsihi Rais asimwondoe Marshall Washington, ambako vita vya Ulaya na vya Pasifiki viliangaliwa pamoja.

Basi tarehe 5 Desemba, mjini Cairo, Rais alimwuliza Marshall apenda kazi ipi. Neno moja lingalitosha. Marshall hakulinena, alisema Rais achague lifaalo nchi, naye ataridhika. Ndipo akachaguliwa Dwight Eisenhower, mdogo wake kwa cheo, aliyekwisha kuongoza vita vya Afrika ya Kaskazini, Sicily na Italia, na kuwapatanisha maofisa wa mataifa mbalimbali. Habari ya kumjulisha Stalin iliandikwa kwa mkono wa Marshall mwenyewe; kisha akampelekea Eisenhower karatasi ile iwe ukumbusho.

Tarehe 6 Juni 1944 askari wapata 156,000 walitua Normandy. Jina la Eisenhower likavuma, na Marshall akaendelea na kazi yake mezani.

Katika ofisi na vyama vyetu vya ushirika, mara ngapi karani aliyekosa cheo hulegeza kazi, au humficha mwenzake mambo ili ashindwe? Anayechagua na aulize, pamoja na nani anastahili, ni kazi gani itakayoharibika mtu huyo akiondolewa. Na asiyechaguliwa na amsaidie aliyechaguliwa, kwani kazi ni ya wote wawili.