Vijana wa mpakani, tupande Chelelemuk kabla hatujachelewa

Kila wikendi simu zetu zinajaa picha zilezile. Vijana wa Nairobi wako Ngong, wako Longonot, wamevaa viatu vya mlima na kofia, wamechanga pesa za gari na za kuingia langoni. Sisi huku Malaba, Amagoro na Busia tunabonyeza laiki, tunasema "iko siku", halafu tunarudi kuangalia foleni ya malori ikisonga pole pole kuelekea Uganda.

Wacha niseme wazi. Kijana wa Amagoro anayeota Longonot na hajawahi kukanyaga Kakapel anaruka chakula cha kwao akitamani cha jirani. Na tukiendelea hivi, tutakuja kustuka michoro imefutika tukiangalia, ama mtu wa mbali amekuja kuifanyia biashara na sisi tunamuoshea gari.

Kama hujui ninachozungumzia, Kakapel ni mwamba mkubwa kwenye milima ya Chelelemuk, hapa hapa Teso Kaskazini. Chini ya mwamba kuna ukuta uliochorwa na watu wa zamani sana. Wataalamu wanasema michoro ilifanywa na watu wa nyakati tatu tofauti. Kwanza kuna mviringo ndani ya mviringo, ambayo inahusishwa na Watwa waliokuwa wakiwinda na kuchuma matunda ya porini. Juu yake wakaja wengine wakachora wanyama wa kufugwa na wa porini, wenye miili mirefu kuliko kawaida. Mwisho kuna alama zinazohusishwa na mababu wa Iteso. Mwaka 2004 serikali ilitangaza Kakapel kuwa turathi ya kitaifa, ya kwanza kabisa magharibi mwa Kenya. Ya kwanza! Na bado kuna watu wanaopita barabara ya Malaba kwenda Bungoma kila siku ambao hawajawahi kusikia jina hilo.

Tena si michoro tu. Julai 2024 watafiti, wakiwemo wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, walichapisha matokeo ya kuchimba chini ya mwamba huo. Walipata dalili za watu kuishi pale tangu miaka 9,000 iliyopita. Walipata kunde za miaka kama 2,300, ambazo ni kati ya ushahidi wa zamani zaidi wa mimea ya kulimwa Afrika Mashariki. Walipata wimbi la miaka 1,000 hivi. Sasa fikiria: kunde tunazonunua kwa mafungu pale sokoni, na wimbi ambalo wazee wanatengenezea ajono, viko kwenye rekodi ya dunia kwa sababu ya mlima ambao sisi tunauona kama mahali pa mbuzi tu.

Kuna kitu kingine kinachonigusa zaidi. Iteso ni watu wa Ateker, ndugu wa Wakaramoja na Waturkana. Ukiuliza wazee, hadithi inaanza na ng'ombe kabla ifike kwa shamba. Leo ukienda Amagoro, kijana wa rika langu anajua bei ya kubadilisha shilingi ya Uganda kuliko anavyojua rangi za ng'ombe kwa Kiteso. Simlaumu, maisha yako barabarani. Lakini pale mwambani kuna ushahidi kwamba watu wa mkoa huu waliheshimu ng'ombe kiasi cha kuwachora juu ya jiwe. Na mpaka tunaoutegemea kwa unga ulikuja juzi tu. Mwaka 1902 Waingereza walihamisha mkoa wa mashariki wa Uganda wakauweka upande wa Kenya, Iteso wakagawanywa, wengine wakabaki Tororo na wengine huku. Ile michoro haijui Kenya wala Uganda.

Halafu kuna wanyama. Tuongee ukweli, ukipanda Chelelemuk leo usitarajie simba. Ukibahatika utaona tumbili na ndege. Wanyama wakubwa tumewaachia Mlima Elgon, ambako ndovu bado wanaingia mapangoni kama Kitum kulamba chumvi. Kwetu, yule mnyama wa porini aliye karibu amebaki kwenye mchoro. Ndiyo maana kupanda mlima huu si mchezo wa picha tu. Unaona kwa macho yako kile ambacho ardhi ya kwenu ilikuwa nacho, na unaanza kujiuliza ni nini kingine tunakipoteza sasa hivi, na miti inakatwa kwa makaa kila siku.

Adui wa kwanza wa Kakapel hakutoka mbali. Miaka ya nyuma ile michoro ilichafuliwa kwa maandishi, ikabidi shirika la TARA, linaloshughulikia sanaa ya mwambani Afrika, lisaidiane na Makavazi kuleta mtaalamu wa kuisafisha. Hebu fikiria mchoro uliovumilia mvua na jua miaka yote hiyo, halafu mtu mmoja na mkebe wa rangi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inaadhibu uharibifu wa aina hiyo, lakini askari hawezi kulala mwambani. Anayeweza kuulinda ni mtu wa pale ambaye mwamba una maana kwake.

Najua kuna watakaosema: buda, kupanda mlima hakuleti unga. Kuna wazee pia wataona kijana anaelekea mlimani bila panga wala ng'ombe na kuuliza kama ana akili timamu. Ni swali halali. Mimi nilitoka chuo kabla ya kumaliza kwa sababu karo ilishinda nyumbani, kwa hivyo najua shilingi ni nini. Lakini angalia Kit Mikayi kule Seme, Kisumu. Ni mawe yaliyopandana, na wenyeji wanawapokea wageni, wanasimulia hadithi ya mawe na wanapata chochote kitu. Sisi tuna mawe, tuna michoro, tuna kunde za miaka 2,300. Tunachokosa ni watu waliofunzwa kuisimulia.

Ndiyo maana naiomba serikali ya kaunti ya Busia na Makavazi ya Kitaifa mambo matatu. Mfunze vijana wa vijiji vinavyozunguka mwamba kuwa waongozaji, mkianza na wachunga mbuzi, kwa sababu hao wanajua kila njia. Pesa inayotoka kwa wageni, sehemu yake ionekane kijijini, kwa maji ama shule. Na kila shule ya Teso ilete wanafunzi wake Kakapel kabla ya kuwapeleka ziara za mbali.

Na sisi vijana tusingoje kaunti. Kusanya mbogi yako, watu watano ama sita mnatosha, mchange pesa ya boda. Muanze asubuhi, kwa sababu mvua ya huku hupenda kuja alasiri na radi zake si za mchezo. Bebeni maji na viatu vinavyoshika. Njia nyingine zinapita kwenye mashamba ya watu, kwa hivyo bisha hodi, salimia wazee, omba njia. Tafuta mwenyeji wa kuwaongoza na mumlipe vizuri, si kwa soda. Mkifika mwambani, mikono mbali na michoro, msimwagie maji ili rangi ing'ae kwenye picha, na msiandike jina la mtu. Takataka zenu mrudi nazo.

Piga picha, weka TikTok, sina shida. Ila ukiweka, andika mahali penyewe: Kakapel, Chelelemuk, Busia. Wale wa Nairobi nao wabonyeze laiki waseme "iko siku". Na wakija, wakute anayewapokea na kuwasimulia ni kijana wa hapa.