Wakati ujao wa Kifaransa ufundishwe kwa Kiswahili

Mwanafunzi wa Kifaransa wa Nairobi au Dar es Salaam akifika kwenye wakati ujao, mara nyingi hupewa jedwali refu la vitenzi vinavyokiuka kanuni, akaambiwa akariri. Être ni je serai, avoir ni j'aurai, aller ni j'irai, faire ni je ferai. Anakariri, anafaulu mtihani, na muhula unaofuata je serai (nitakuwa) na je saurai (nitajua) zinamchanganya.

Anachoshwa bure. Katika vitenzi hivyo vyote kinachobadilika ni shina peke yake. Viambishi tamati -ai, -as, -a, -ons, -ez na -ont havibadiliki hata kimoja, na kila shina, liwe geni namna gani, huishia na r. Viambishi hivyo vilitokana na kitenzi cha Kilatini habere, "kuwa na", kilichowekwa nyuma ya kitenzi kingine hadi viwili hivyo vikashikana. Mwanafunzi akishajua hilo, mashina nayo yapangwe kwa koo: venir na tenir hutoa viendr- na tiendr-, vouloir, valoir na falloir hutoa voudr-, vaudr- na faudr-, voir na envoyer hutoa verr- na enverr-.

Lakini kosa kubwa zaidi ni kumpitisha mtoto kwenye Kiingereza ilhali lugha yake iko karibu zaidi. Mfaransa husema quand tu viendras, nous mangerons, vitenzi vyote viwili vikiwa katika wakati ujao. Mswahili naye husema: utakapokuja, tutakula. Kiingereza hapo hutumia wakati uliopo kwa kitenzi cha kwanza, na mwanafunzi anayetafsiri kutoka huko huandika quand tu viens, akapoteza alama ambayo Kiswahili kingempa.

Hata sharti linakubaliana. S'il pleut, je resterai: ikinyesha, nitabaki. Baada ya si ya sharti, Kifaransa hakitumii wakati ujao. Katika "ikinyesha", Kiswahili nacho hakiweki -ta-. Anayelielewa hilo hahitaji kuonywa mara kumi.

Wapo wanaosema je vais pamoja na kitenzi kisichonyambuliwa inatosha, kwa kuwa ndivyo Wafaransa wanavyozungumza. Ni kweli wanaitumia sana. Hata hivyo, on verra, "tutaona", husikika kila siku, na utabiri wa hali ya hewa na ahadi za wanasiasa hujaa wakati ujao kamili. Tena mashina yaleyale ndiyo yanayozaa lugha ya adabu: asiyejua voudr- hawezi kusema je voudrais un café, akabaki na je veux, ambayo dukani husikika kama amri.

Goma, Bukavu na Lubumbashi wapo watu wengi wanaoishi na Kiswahili na Kifaransa kwa pamoja. Waandaaji wa vitabu vya Kenya na Tanzania wawashirikishe walimu wa huko, na kila jedwali la wakati ujao liwe na safu ya Kiswahili kando yake.