Mgaagaa na Upwa, Mbona Mwanawe Ala Ugali Mkavu?

Wahenga walinena kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Maana yake i wazi: ajihangaishaye ufuoni hakosi kitoweo. Methali hii ilizaliwa pwani ya Bahari Hindi, lakini ingetazamiwa kuwa ya kweli zaidi kandokando ya Ziwa Victoria, ambako samaki huvuliwa usiku na mchana. Hata hivyo, yeyote aliyepata kukaa jioni katika vijiji vya Nyatike, Karungu au Suba ajua kwamba wako watoto wanaolala kwa ugali uliochovywa katika mchuzi usio na samaki, au kwa andazi na chai ya rangi. Wazazi wao si wavivu. Watoto hao hula hivyo kwa sababu mama zao wamehangaika kutwa nzima.

Hilo ndilo nitakalo tulitafakari leo. Aghalabu tunapozungumzia lishe ya watoto, huwa tunauliza kama kuna chakula na kama mama ana elimu. Ni nadra sana kuuliza kama mama ana wakati. Nami nashikilia kwamba katika maeneo mengi ya Migori na Homa Bay, hususan palipo na machimbo na fuo za kuvulia, upungufu mkubwa jikoni ni upungufu wa saa.

Chukua mfano wa Osiri, katika machimbo ya dhahabu ya Nyatike. Dhahabu si jambo geni katika sehemu hizo. Wakati wa ukoloni makampuni yalichimba dhahabu na shaba huko Macalder, na yalipoondoka wenyeji waliendelea kwa sururu na karai. Wanaume ndio hasa waingiao mashimoni. Wanawake huponda mawe, hubeba mchanga, huchota maji na kuosha. Malipo yao hutegemea kiasi cha kazi. Mtu anayelipwa kwa karai hawezi kuondoka saa tisa alasiri eti akampikie mtoto. Kila karai analoliacha ni senti anazoziacha. Ufuoni mambo ni yayo hayo: mchuuzi wa omena huamka alfajiri kuzipokea mashua, kisha hushinda akianika, akigeuza, akichagua na kutafuta mnunuzi.

Hebu sasa tuihesabu jioni ya mama huyo. Afika nyumbani jua limezama. Hana budi kutafuta maji, kuwasha jiko, kuchambua mboga, kuosha omena mpaka mchanga utoke, kisha kusonga ugali. Mboga zetu za asili, kama vile osuga, dek na apoth, ni hazina kubwa ya lishe. Lakini osuga ina uchungu wake. Huchemshwa, maji yakamwagwa, kisha hutiwa maziwa, na wako wanaoilaza hadi siku ya pili ndipo ikolee. Mapishi hayo ni matamu mno. Tusisahau, hata hivyo, kwamba yalibuniwa katika boma lenye nyanya, shangazi na mabinti, ambako siku zote palikuwa na mtu wa kukaa karibu na chungu. Mama wa machimboni hana mtu huyo. Chakula kinapoiva mtoto wa miaka miwili amekwisha kusinzia. Huamshwa, akatiwa matonge mawili kinywani, akalala tena.

Je, kuna ubaya gani mtoto akilala hivyo siku moja? Hakuna. Ubaya upo siku hiyo inapokuwa kila siku. Tumbo la mtoto ni dogo, na mwili wake unakua kwa kasi. Hawezi kufidia kwa wingi kile anachokosa kwa ubora. Kipimo kitumiwacho na Shirika la Afya Duniani na lile la watoto, UNICEF, ni kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kwa siku angalau makundi 5 ya chakula kati ya 8. Makundi hayo ni maziwa ya mama, nafaka na viazi, kunde na njugu, maziwa ya mifugo, nyama na samaki, mayai, matunda na mboga zenye vitamini A kwa wingi, na matunda na mboga nyinginezo. Ugali na mchuzi mtupu ni kundi moja tu. Andazi ni kundi lilo hilo moja. Chai ya rangi haimo kabisa, na juu ya hayo, inaponywewa pamoja na chakula huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma.

Nchi yetu imepiga hatua, wala haifai kuificha. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto 26 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 18. Lakini 18 katika kila 100 bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watano, na udumavu wa miaka miwili ya mwanzo ni mgumu sana kuurudisha nyuma.

Nijuavyo mimi, akina mama wengi wa sehemu hizi hawahitaji kufundishwa kwamba samaki ni bora kuliko andazi. Wamehubiriwa hayo zahanati na barazani. Wanachohitaji ni chakula ambacho mtu aliyechoka anaweza kukiandaa kabla ya mtoto kusinzia. Mimi pia hufika nyumbani jua limezama nikalakiwa na swali lile lile la leo tunakula nini. Kwa hiyo niruhusuni nitaje machache yanayowezekana bila anasa.

La kwanza ni omena yenyewe. Samaki huyu, ambaye Watanzania humwita dagaa na Waganda mukene, huliwa mzima, mifupa na kichwa, na kwa hiyo humpa mtoto chokaa, chuma na protini kwa pamoja. Siku moja ya mapumziko yatosha: nunua omena iliyoanikwa juu ya vichanja wala si mchangani, ichague, ioshe, ikaushe, ikaange bila mafuta mpaka ivunjike vidoleni, kisha uitwange na kuichekecha. Unga huo ukihifadhiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, kila jioni kijiko kimoja hutiwa katika uji unaochemka au katika viazi vilivyopondwa. Kazi ya saa moja na nusu inakuwa kazi ya dakika chache.

La pili ni viazi vitamu, ambavyo Kabondo katika Homa Bay inasifika kwavyo. Kiazi hujichemkia chenyewe chunguni bila kuhitaji mkono wa mtu, na vile vya rangi ya chungwa ndani vina vitamini A nyingi. Ndivyo vilivyowapatia wanasayansi waliovieneza Afrika Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. La tatu ni vyakula visivyohitaji moto au vinavyouhitaji kidogo tu: parachichi, ndizi mbivu, papai, yai, njugu zilizosagwa zikawa rojo. Uji wa wimbi uliotiwa rojo ya njugu na unga wa omena, ukifuatiwa na kipande cha papai, ni chakula cha jioni kilichotimia, na hupikwa kwa sufuria moja.

Tahadhari moja ni lazima. Asiye na friji asilaze uji au samaki wa mtoto mdogo akampa kesho yake, kwa maana kuhara hubomoa kile ambacho chakula kimejenga. Ndiyo sababu nimevisifu vilivyokauka. Kadhalika njugu zilizoota ukungu zitupwe; kuzichagua si ubadhirifu, ni kinga.

Kwa watu wa machimboni kuna jambo jingine lililo zito zaidi. Dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha donge huchomwa ili zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mvuke huo hauonekani, na huathiri ubongo wa mtoto unaokua. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, unataja kuchoma donge hilo katika makazi ya watu miongoni mwa mambo yanayopasa kukomeshwa kabisa. Kwa lugha nyepesi: jiko la uji lisiwe jiko la dhahabu, na sufuria ya mtoto isiguse zebaki abadan. Lishe gani itakayomfaa mtoto anayevuta sumu huku akingojea chakula?

Hayo ni ya nyumbani. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimemwongezea mama kazi nyingine juu ya zile alizo nazo, na kumwita mzembe asipozitenda. La hasha! Mzigo huu una wenyewe wengine.

Wa kwanza ni baba. Katika nyumba nyingi jioni ni saa ya mapumziko kwa mwanamume na saa ya zamu ya pili kwa mwanamke, hata kama wote wawili walitoka shimo moja. Najua wapo watakaoniambia kwamba jiko si mahali pa mwanamume. Nawauliza: mwanamume anayejua kuwasha moto wa kuyeyushia dhahabu, anashindwaje kuwasha moto wa kuchemshia viazi vya mwanawe? Kuchota maji na kuwasha jiko kabla mama hajafika hakumpunguzii mtu heshima. Humpa mtoto nusu saa, na nusu saa hiyo ndiyo tofauti kati ya kula macho yakiwa wazi na kulala njaa.

Wa pili ni soko. Sehemu kubwa ya omena ya ziwa hili haiishii katika sahani ya mtu. Hununuliwa na wasagaji wa chakula cha mifugo. Kuku wa mjini hula omena ya Karungu, na mtoto wa Karungu hula mchuzi. Yalitukuta hayo pia kwa mbuta. Samaki huyu aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na viwanda vilipoanza kununua minofu yake kwa ajili ya Ulaya, wenyeji wengi waliachiwa mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa. Simlaumu mvuvi kwa kumwuzia yule anayelipa zaidi. Naye ana karo ya kulipa. Nasema tu kwamba serikali inayopanga masoko ya samaki haina budi kuhesabu pia samaki wanaobaki.

Wa tatu, na mwenye uwezo mkubwa kuliko wote, ni serikali yenyewe. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya kimsingi. Orodha ya Nne ya Katiba hiyo hiyo inazikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Nayo Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea. Maneno mazuri! Lakini ni nani mwajiri wa mwanamke anayeponda mawe Osiri? Ni nani mwajiri wa mwanika omena? Sheria ya Madini ya mwaka 2016 imewatambua wachimbaji wadogo, ila mtoto aliyefungwa mgongoni mwa mama yake penye vumbi hana sheria iliyomwona.

Kwa hiyo napendekeza jambo moja lililo wazi. Kaunti za Migori na Homa Bay zijenge, karibu na kila machimbo makubwa na kila ufuo wenye shughuli nyingi, chumba cha kulelea watoto chenye maji safi, mlezi aliyefunzwa na sufuria ya uji wa saa kumi jioni. Mtoto aliyekunywa uji mzito wenye njugu na omena saa kumi hataathirika sana mama akichelewa kusonga ugali. Omena hiyo inunuliwe kwa wanawake wa fuo hizo hizo, ili fedha na samaki vibaki nyumbani.

Watakuwapo wasemao kwamba serikali haiwezi kupikia kila mtoto. Hakuna aliyeomba hivyo. Kaunti ya Nairobi ilianzisha mpango wa kuwalisha wanafunzi chakula cha mchana mwaka 2023, mzazi akichangia shilingi tano. Tunaweza kubishana kuhusu uendeshaji wake, ila hakuna awezaye tena kudai kwamba kaunti haiwezi kumiliki sufuria. Wachimbaji hutozwa ada, wauza samaki nao hutozwa ushuru. Si ajabu wakiuliza sehemu ya ushuru huo imrudie mtoto ikiwa katika bakuli.

Kila mwaka kaunti huwaita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti. Mikutano hiyo aghalabu huitishwa mchana wa siku ya kazi, saa ambazo mwanamke wa machimboni yuko kwenye mawe, na hivyo barabara na majengo husemewa, lakini uji hausemewi na mtu. Basi mkutano mmoja na uitishwe machimboni penyewe, mwingine ufuoni, jioni, na swali la kwanza liwe hili: watoto wenu watakula nini leo, na saa ngapi? Kiongozi atakayeulizwa hivyo mbele ya mama anayemngojea mwanawe asilale, atalazimika kujibu kwa tarehe na kwa shilingi.