Namba zinazojipanga zenyewe

Wadau, leo nina dukuduku. Nani alitudanganya kwamba hoja za habari lazima zipangwe kwenye Word? Majuzi nilipanga zangu humo, habari ya mgogoro wa kiwanja, nikachapa karatasi nikampa mhariri. Baadaye nikafuta hoja ya pili. Namba zote zikajisogeza zenyewe. Jioni mhariri akapiga simu: "Toa namba 4." Nikatoa. Kumbe 4 ya kwangu kwenye karatasi yake ni 5, maelezo ya mama aliyedhulumiwa! Habari ikatoka na upande mmoja.

Mtasema namba hizo zinazimika. Sawa, lakini kwa nini nizime nisichokiwasha?

Sasa naandika kwenye Notepad. Kila hoja kistari, hoja ndogo naisogeza ndani nafasi nne. Nikimaliza naiachia Pandoc, kiprogramu cha bure cha mwaka 2006 cha John MacFarlane (profesa wa falsafa, si fundi kompyuta!), kinageuza faili kuwa la Word kwa amri moja. Namba sitaki hata kuziona. Mhariri akitaka kitu kitoke, akitaje kwa jina.

Yule mama alinipigia mara tatu wiki ile. Ya tatu sikupokea.